Lipa Kadiri Utumiavyo: Mkataba Janja na Bili za Programu



Mtanzania hahitaji kufundishwa maana ya kulipa kwa matumizi. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, iko majumbani mwetu tangu miaka ya 1990. Unanunua umeme, unapewa namba yenye tarakimu 20, unaibonyeza kwenye mita, uniti zinaanza kupungua. Wakenya wanaita tokeni, Waganda wana Yaka yao. Uniti zikiisha, giza. Hakuna bili ya kushtukiza mwisho wa mwezi, wala hakuna fundi wa kupanda nguzo kukukatia.

Makala hii inahusu LUKU ya aina nyingine: jinsi ya kulipia programu za kompyuta kadiri unavyozitumia, na kama teknolojia ya blokicheni inaweza kusaidia. Nimeona niiandike kwa sababu wengi wetu huku tuna ndoto ileile. Tunatengeneza programu na wenzetu walioko nyumbani, tunataka kuuza kwa watu wasiotujua, halafu tunakwama kwenye swali moja la zamani: nani amwamini nani kwanza?

TUMETOKA WAPI

Zamani programu iliuzwa kama redio. Unanunua diski, unaondoka nayo. Baadaye likaja soko la usajili, unalipa kiasi kilekile kila mwezi hata kama umeitumia mara moja tu. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha seva na nafasi ya kuhifadhi data kwa bei ya matumizi, na tangu hapo mtindo huo umeenea kila mahali. Leo hata programu za akili bandia zinatoza kwa vipande vya maneno yanayoingia na kutoka.

Hapa kuna jambo dogo lenye uzito: kipimo. Seva za Amazon zilitozwa kwa saa, na saa ikishaanza ilihesabiwa nzima. Ukitumia dakika 61, unalipa saa mbili. Ilipofika Oktoba 2017 ndipo wakaanza kutoza kwa sekunde kwa seva nyingi. Seva ni ileile, kazi ni ileile, lakini bili inabadilika kwa sababu ya namna ya kuhesabu. Kwa hiyo ukisikia "lipa kadiri utumiavyo", uliza kwanza: kipimo ni kipi, na mita iko mikononi mwa nani?

Mteja ana hofu mbili. Ya kwanza ni bili kubwa asiyoitarajia, kwa mfano mtu akisahau kuzima seva wiki tatu. Ya pili ni kuhesabiwa vibaya bila njia ya kuhakiki. Muuzaji naye ana hofu yake: afanye kazi mwezi mzima, halafu mteja apotee au kadi ya benki ikatae. Kampuni kubwa zinamaliza tatizo hili kwa kudai kadi ya benki na kwa nguvu ya jina lao. Sasa kijana wa Mwanza au Kisumu asiye na jina, anayemuuzia mtu wa Birmingham, afanyeje?

MKATABA JANJA NI NINI HASA

Neno "janja" lisikutishe, ni lilelile la simu janja. Wazo lenyewe lilitolewa na Nick Szabo, mtaalamu wa kompyuta na sheria wa Marekani, mwaka 1994, na mfano wake maarufu ni ile mashine ya kuuzia soda inayosimama kwenye korido za vyuo. Unatumbukiza sarafu, unabonyeza, soda inashuka. Mashine haikujui na wewe huijui, lakini biashara inafanyika kwa sababu masharti yameshajengwa ndani ya chuma.

Blokicheni ndiyo iliyolipa wazo hilo mahali pa kukaa. Ni daftari la hesabu ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi duniani, na kurasa zake zimeshonwa pamoja kihesabu kiasi kwamba ukifuta mstari mmoja wa nyuma, kila mtu anagundua. Bitcoin ilianza kazi Januari 2009 kama daftari la fedha tu. Ethereum, iliyofunguliwa Julai 2015, iliongeza uwezo wa kuweka programu ndani ya daftari lenyewe. Programu hiyo inaweza kushika fedha na kuzitoa pale tu masharti yanapotimia. Huo ndio mkataba janja.

Kinachofurahisha ni kwamba Ethereum yenyewe ni LUKU tupu. Kila hatua ya programu ina bei inayoitwa gesi. Kutuma fedha kwa njia rahisi kabisa kunakula gesi 21,000. Unaweka kikomo chako kabla ya kuanza, na gesi ikiisha katikati kazi inafutwa yote, lakini gesi iliyokwisha kuungua hairudi.

MFANO WA REDIO NA VIJANA WA DAR

Tuchukue mfano wa kubuni. Vijana watatu wa Dar es Salaam wana programu inayogeuza sauti ya Kiswahili kuwa maandishi. Redio moja ya mtandaoni ya Waswahili wa London inaitaka kwa ajili ya vipindi vyake. Bei ni senti 5 za dola kwa dakika moja ya sauti. Hawajawahi kuonana.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuandika kila matumizi kwenye blokicheni: dakika 10 zimetumika, andika, dakika 10 nyingine, andika. Hebu tupige hesabu. Kuandika rekodi moja mpya kunakula gesi 20,000 juu ya zile 21,000 za kuanzia, yaani zaidi ya 41,000. Tuseme bei ya gesi ni gwei 20, na gwei ni sehemu moja ya bilioni ya etha. Jumla ni etha 0.00082. Etha ikiwa dola 2,000, umelipa dola 1.64 ili kuandika matumizi ya senti 50. Hiyo si biashara, ni kuchoma noti ili utafute sarafu iliyodondoka.

Wahandisi waliliona hilo mapema, na dawa yake inaitwa chaneli ya malipo. Inakwenda hivi:

1. Redio inaweka amana ya dola 60 ndani ya mkataba janja. Fedha hizo haziko kwa vijana wala kwa redio tena, ziko chini ya masharti. Kwenye mkataba kumeandikwa nani anaweka, nani analipwa, na jinsi ya kufunga hesabu.

2. Redio inatuma kipande cha sauti cha dakika 10. Vijana wanakifanyia kazi na kurudisha maandishi. Kompyuta ya redio inatoa "vocha", ujumbe mfupi unaosema: jumla ninayodaiwa mpaka sasa ni dola 0.50. Ujumbe huo unatiwa saini ya kidijitali ambayo mwenye ufunguo wa siri peke yake ndiye anayeweza kuitoa. Ndani yake kuna pia anwani ya mkataba na namba ya chaneli, ili vocha isije ikatumika kwingine.

3. Kipande kinachofuata kinaleta vocha mpya: jumla dola 1.00. Kisha 1.50. Ona kwamba kila vocha inabeba jumla yote tangu mwanzo. Vijana wanahitaji kutunza ile ya mwisho tu, za nyuma hazina thamani kwa sababu zinawapa kidogo. Mpaka hapa hakuna hata moja iliyogusa blokicheni, kwa hiyo hazigharimu chochote.

4. Mwisho wa mwezi redio imetumia dakika 740. Vijana wanapeleka vocha ya mwisho, dola 37. Mkataba unahakiki saini, unahakiki kuwa kiasi hakizidi amana, unawalipa dola 37 na kuirudishia redio dola 23.

Linganisha. Vocha 74 zimetolewa, lakini blokicheni imeguswa mara mbili: kufungua na kufunga. Kama wangeandika kila kipande, kwa bei ile ya mfano wangetumia zaidi ya dola 121 kukusanya deni la dola 37.

NANI ANAWEZA KUMDHULUMU NANI

Hapa ndipo utamu wa jambo hili ulipo, kwa hiyo twende polepole.

Redio ikipokea maandishi halafu ikakataa kutoa vocha? Vijana wanasimamisha huduma papo hapo. Hasara yao ni kipande kimoja, senti 50. Wakitaka hasara iwe ndogo zaidi wanakata vipande vya dakika 5.

Vijana wakitaka kujiongezea? Hawawezi, kwa sababu saini ni ya redio. Na hata redio ikizembea na kutoa vocha nyingi kupita kiasi, mkataba hauwezi kulipa zaidi ya dola 60. Ile hofu ya bili ya kushtukiza imekufa. Amana yenyewe ndiyo kikomo, na kikomo hicho hakikai kwenye ukurasa wa masharti ambao hakuna anayeusoma, kiko ndani ya chuma kama ile mashine ya soda.

Vijana wakipotea kabisa na amana ya redio imekwama ndani? Redio inatangaza kwenye mkataba kwamba inataka kufunga. Mkataba unasubiri, tuseme siku 3. Vijana wakikaa kimya, redio inarudishiwa yote. Na kwa nini zisubiriwe siku 3? Kwa sababu redio nayo inaweza kuwa na tamaa, ikatangaza kufunga wakati inadaiwa. Muda huo ni wa vijana kuleta vocha yao ya mwisho. Kwa hiyo lazima wawe na programu ya kuchungulia mkataba kila siku. Aliyelala siku 3, imekula kwake.

Kumbe mkataba janja haukuleta uaminifu. Umepunguza kiasi cha uaminifu kinachohitajika, kutoka bili ya mwezi mzima mpaka senti 50. Kwa watu wawili wasiojuana walio nchi mbili tofauti, hilo si jambo dogo.

MITA BADO NI TATIZO

Sasa tuseme ukweli, maana makala nyingi za blokicheni zinaruka hapa. Mkataba janja ni kipofu. Haujui kinachotokea nje ya daftari. Unaona namba na saini, basi. Ukiuingizia uongo uliotiwa saini, utautunza uongo huo milele kwa uaminifu mkubwa.

Mfano wetu ulikuwa rahisi kwa sababu urefu wa sauti unaonekana na pande zote mbili. Faili ni la dakika 10 London, na ni la dakika 10 Dar. Lakini kama huduma inatozwa kwa sekunde za prosesa au kwa kumbukumbu iliyotumika kwenye seva? Hapo mita iko kwa muuzaji, wewe unaletewa namba tu. LUKU angalau mita iko ukutani kwako, unaona taa inawaka na namba zinapungua.

Zipo njia za kupunguza tatizo, na hakuna inayolimaliza:

Kwanza, chagua kipimo ambacho wote wawili mnakiona: dakika za sauti, idadi ya maombi, idadi ya ankara zilizochapishwa. Ukiniuliza mimi, hili peke yake linazidi mengine yote.

Pili, kila upande uhesabu mwenyewe. Tofauti ikiwa ndogo, kwa mfano chini ya asilimia 2, mteja asaini. Ikizidi, huduma isimame mpaka muelewane.

Tatu, muuzaji afunge kumbukumbu za kila siku kwa alama ya kihesabu, kitu kama alama ya kidole ya faili, na kuiweka hadharani. Alama hiyo haithibitishi kuwa kumbukumbu ni za kweli. Inathibitisha tu kwamba hazikubadilishwa baada ya ugomvi kuanza.

Nne, kutumia wajumbe wa nje wanaopeleka habari kwenye mkataba. Mtandao wa Chainlink unafanya kazi hiyo kwenye Ethereum tangu 2019. Wajumbe wengi wanaulizwa na jibu la katikati linachukuliwa. Inafaa kwa bei za sarafu, ambazo kila mtu anaziona. Kwa mita iliyoko ndani ya seva ya mtu, mjumbe naye atamuuliza mwenye seva, kwa hiyo umerudi palepale.

HATARI NYINGINE

Makosa kwenye programu. Juni 2016 mfuko ulioitwa The DAO, uliokuwa mkataba janja kwenye Ethereum, ulichotwa etha zipatazo milioni 3.6. Kosa lilikuwa la mpangilio: mkataba ulilipa kwanza, halafu ndipo ukapunguza salio kwenye hesabu. Mwizi akawa anaomba tena kabla salio halijapunguzwa. Mwezi uliofuata wanamtandao wengi walikubali kulirudisha daftari katika hali isiyo na wizi ule. Waliokataa wakabaki na Ethereum Classic. Wewe na duka lako la programu hakuna atakayekurudishia daftari. Katika mkataba wa redio na vijana wetu, kanuni ni hii: weka alama kwamba chaneli imefungwa, NDIPO ulipe.

Sarafu kupanda na kushuka. Ukiweka amana kwa etha leo, mwisho wa mwezi thamani yake inaweza kuwa nyingine kabisa. Ndiyo maana mfano wetu ulitumia dola, yaani sarafu thabiti zinazofungwa kwenye dola. Nazo si msahafu. Machi 2023 sarafu ya USDC ilishuka chini ya senti 90 baada ya kujulikana kuwa dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa kwenye Silicon Valley Bank iliyoanguka. Ilirudi baada ya siku chache, lakini aliyelazimika kuuza siku ile alipata hasara.

Siri. Daftari ni la wazi. Chaneli inaficha vocha, ila jumla ya mwisho inaonekana na dunia nzima. Mshindani anaweza kukisia biashara yako. Na kamwe usiandike majina au taarifa za watu humo, kwa sababu hakifutiki kitu, na sheria za Ulaya na Uingereza zinampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe.

Sheria. Kwa Uingereza na Wales, Tume ya Sheria ilisema Novemba 2021 kwamba sheria ya mikataba iliyopo inatosha kuitambua mikataba ya aina hii. Nyumbani mambo yamekwenda kwa mwendo tofauti. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kuonya kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali hizi Oktoba 2025. Kabla hujamwambia shangazi yako afungue akaunti ya sarafu, muulize kwanza mwanasheria. Na kodi iko palepale, blokicheni haijaifuta.

SASA TUITUMIE AU TUIACHE?

Najua kuna atakayeniuliza: kaka, si tutumie M-Pesa tu? Mara nyingi jibu langu ni ndiyo. Kama wateja wako wote wako nyumbani na wana simu, waache wanunue salio kabla, ulipunguze kadiri wanavyotumia, na uwape ukurasa wa kuangalia hesabu yao. Hiyo ni LUKU kamili bila blokicheni, na kompyuta moja yenye daftari la kawaida inaitosha. Kama mnajuana na mnaaminiana, mkataba janja ni kununua trekta kulima tuta la mchicha.

Pale unapofaa ni pale mambo matatu yanapokutana: wahusika hawajuani, wako nchi tofauti ambazo mifumo ya malipo haizungumzi vizuri, na malipo ni madogo madogo mengi. Kwenye hali hiyo kadi ya benki ni ghali na mahakama iko mbali mno kwa deni la dola 37. Gharama zenyewe nazo zimekuwa zikipungua. Mabadiliko ya Ethereum ya Machi 2024 yalishusha sana bei kwenye mitandao ya tabaka la pili, ile inayofanya kazi pembeni na kupeleka muhtasari kwenye daftari kuu.

Kuna hali ya nne inayokuja, programu kuilipa programu nyingine. Waliotunga kanuni za wavuti waliacha tangu miaka ya 1990 namba 402, maana yake "malipo yanatakiwa", wakaiweka akiba bila kusema itumikeje. Mwaka 2025 kampuni ya Coinbase ilitangaza utaratibu uitwao x402 unaotumia namba hiyohiyo ili kompyuta idaiwe na kulipa yenyewe kwa sarafu thabiti. Tusubiri tuone.

Kwa wenzangu wa uhandisi wanaotaka kujaribu: andikeni chaneli ya malipo ya upande mmoja kwa lugha ya Solidity, kwenye mtandao wa majaribio ambako etha ni ya bure. Ni mistari michache, mkataba wote unaingia kwenye kurasa mbili. Lakini kabla ya kuandika mstari wa kwanza, kaeni na mteja wenu mkubaliane kipimo. Mkitofautiana juu ya mita, hakuna mnyororo utakaowapatanisha.

Nawatakia mitihani mema. Mwenye swali anikamate kwenye mkutano wa chama, maji ya chai yakiwa yanachemka.

(Mwandishi ni mwanafunzi wa uzamili, idara ya uhandisi)